Tangazo la Kubadilisha Matumizi ya Ardhi Nairobi: Jinsi ya Kulisoma, Kuhesabu Siku na Kuwasilisha Pingamizi kwa Wakati

Mpango wa matumizi ya ardhi wa jiji la Nairobi hubadilika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya serikali ya kaunti kuupitia mpango wenyewe na kuupeleka mbele ya bunge la kaunti. Njia ya pili, ambayo ndiyo inayowakuta wakazi wengi mlangoni mwao, ni ya mwenye ploti moja kuomba aruhusiwe kuitumia kwa namna tofauti na ile iliyopangiwa, kwa mfano kuitoa katika nyumba ya familia moja na kuiingiza katika nyumba za ghorofa, ofisi, shule au kituo cha mafuta. Mji una Mpango Mkuu unaoanzia 2014 hadi 2030, na kabla yake kulikuwa na ule wa 1973 na ule wa kikoloni wa 1948. Lakini sura ya mitaa kama Kileleshwa na Kilimani, ambayo mwongozo wa kanda wa 2004 uliiwekea kikomo cha orofa nne, imebadilika zaidi kwa njia hii ya pili, ploti moja baada ya nyingine.

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, ambayo ilichukua nafasi ya ile ya 1996. Kifungu chake cha 58 kinamtaka mwombaji autangazie umma mradi anaoukusudia na kuwaalika wananchi wapeleke mapingamizi yao kwa kaunti. Mwongozo huu unamlenga mkazi, chama cha wakazi au mpangaji wa nyumba anayetaka kuutumia mwaliko huo, kwa maana siku zinazotolewa ni chache na huanza kuhesabika mara tangazo linapotoka, uwe umeliona au hukuliona.

Hatua ya kwanza: kulitafuta tangazo

Matangazo ya kubadilisha matumizi ya ardhi hutolewa katika magazeti yanayosomwa nchini kote, na vilevile hubandikwa kwenye ploti yenyewe kwa bango linaloelekea barabarani. Gazetini, tangazo huwa ni kisanduku kidogo katika kurasa za matangazo madogo, kwa Kiingereza, chini ya kichwa CHANGE OF USER kilichoandikwa kwa herufi kubwa. Mengi hupita bila kuonekana kwa sababu hayataji jina la mtaa kwa namna ambayo mkazi angelitambua. Hutaja nambari ya usajili wa ardhi, yaani nambari ya L.R., na pengine jina la barabara tu.

Kwa hiyo jambo la msingi kwa chama cha wakazi ni kuwa na orodha ya nambari za L.R. za ploti zote za mtaa wake kabla tangazo lolote halijatoka. Orodha hiyo hutayarishwa mara moja kutoka kwa ramani ya upimaji na hutumika miaka mingi. Kisha watu wawili wapewe zamu ya kupekua magazeti kila siku, na mwingine azunguke mtaani kila mwisho wa juma kutazama mabango. Ukikuta bango, lipige picha papo hapo: picha moja ya karibu inayoonyesha maandishi yote, na nyingine ya mbali inayoonyesha lango, barabara na mahali bango lilipowekwa. Bango lililotundikwa ndani ya ua, au lililofunikwa na majani ya michongoma kiasi kwamba mpita njia hawezi kulisoma, ni kasoro ya utangazaji, na picha yenye tarehe ndiyo ushahidi wake.

Mabadiliko ya mpango wenyewe hutafutwa mahali pengine. Matangazo ya mipango ya kaunti, ya miji na ya maeneo yaliyotengewa mipango maalumu hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo hutoka kila Ijumaa na husomeka mtandaoni bila malipo, pamoja na magazeti ya kawaida.

Hatua ya pili: kulisoma kwa makini

Chukua kalamu na uandike mambo haya kutoka kwa tangazo: nambari ya L.R., matumizi ya sasa, matumizi yanayoombwa, jina la mpangaji miji aliyetia saini, anwani ya kupelekea pingamizi, tarehe ya gazeti, na idadi ya siku zilizotolewa. Matangazo ya Nairobi kwa kawaida hutoa siku 14 tangu tarehe ya tangazo, na humtaja Afisa Mkuu wa idara ya mipango ya miji kuwa ndiye mpokeaji.

Zingatia pia yale ambayo hayakusemwa. Tangazo linaweza kusema kwamba ploti inatoka katika nyumba ya familia moja na kuingia katika nyumba za familia nyingi, likanyamaza kuhusu idadi ya orofa, idadi ya nyumba, maegesho ya magari na njia ya maji taka. Mambo hayo yamo katika ripoti ya mpangaji miji ambayo huambatanishwa na ombi, na bila kuisoma ripoti hiyo pingamizi lako litakuwa la kubahatisha. Ikiwa tangazo limekosea nambari ya L.R. au limetaja barabara isiyo ya ploti hiyo, usimpigie mwombaji simu kumsahihisha. Liandike kosa hilo katika pingamizi lako, kwa kuwa umma ambao haukuelezwa ukweli haujaelezwa lolote.

Hatua ya tatu: kuzihesabu siku

Hapa ndipo watu wengi wenye hoja nzuri hupoteza haki yao, na ndiyo sababu nalieleza jambo hili kwa kirefu.

Sheria ya Tafsiri na Masharti ya Jumla, Sura ya 2, kifungu cha 57, inasema kwamba siku ambayo tukio limetokea haihesabiwi. Tangazo likitoka Jumatatu tarehe 3, siku ya kwanza ni Jumanne tarehe 4, na siku ya kumi na nne ni Jumatatu tarehe 17. Kwa kuwa siku 14 ni wiki mbili kamili, siku ya mwisho huangukia siku ile ile ya juma ambayo tangazo lilitoka, na hiyo ni njia rahisi ya kujihakikishia hesabu yako. Siku za Jumamosi, Jumapili na sikukuu zilizo katikati huhesabiwa zote kama siku nyingine. Ni pale tu muda uliotolewa usipozidi siku sita ndipo siku hizo hurukwa.

Ikiwa siku ya mwisho yenyewe ni Jumapili, sikukuu ya kitaifa au siku ambayo ofisi za serikali hazifanyi kazi, kifungu hicho hicho kinaisogeza mbele hadi siku ya kazi inayofuata. Sheria inakulinda hapo, lakini usijenge mpango wako juu ya ulinzi huo. Afisa wa masjala si lazima awe anakijua kifungu hicho, na ubishi kuhusu tarehe utakula muda ambao ungeutumia kubishania orofa. Jiwekee siku ya kumi kuwa ndiyo siku yako ya mwisho, na zile nne zilizobaki ziwe za dharura. Tangazo linalotoka wiki ya tatu ya Desemba linahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu mawakili, wapangaji miji na wakazi wengi huwa wamekwenda mashambani, hali siku zinaendelea kuhesabika.

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni hili: ikiwa gazeti moja lilitoka Jumatatu, la pili Alhamisi, na bango likasimamishwa Jumamosi, tuhesabu kutoka wapi? Hesabu kutoka tarehe ya mapema kuliko zote. Ukichelewa kwa hesabu hiyo, basi andika wazi katika barua yako kwamba unahesabu kutoka tarehe ya tangazo la mwisho, na uambatanishe nakala zote tatu ili anayesoma aone kwamba tofauti ya tarehe imeletwa na mwombaji mwenyewe.

Hatua ya nne: kuomba nyaraka bila kuzisubiri

Siku ya kwanza au ya pili, nenda katika ofisi ya mipango ya miji ya kaunti uombe kuliona faili la ombi. Beba nakala ya tangazo, kitambulisho, na barua fupi ya ombi, kwa kuwa ombi la mdomo haliachi alama. Wakikuruhusu kusoma, nakili idadi ya orofa, ukubwa wa ploti, sehemu ya ploti itakayofunikwa na jengo, idadi ya nyumba, upana wa barabara kama ulivyoandikwa katika ripoti, na maelezo ya maji safi na maji taka. Kisha rudi mtaani ukaupime upana wa barabara wewe mwenyewe. Barabara iliyoandikwa mita 12 ikipatikana kuwa na mita 9 kutoka ua hadi ua, umepata hoja ambayo afisa hawezi kuipuuza kwa sababu anaweza kwenda kuipima.

Wakikataa au wakikwambia urudi wiki ijayo, wasilisha siku hiyo hiyo ombi la maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inatekeleza Ibara ya 35 ya Katiba. Fahamu, hata hivyo, kwamba sheria hiyo inaipa ofisi hadi siku 21 kujibu, na siku hizo zinaweza kuongezwa nyingine 14, hali dirisha la pingamizi ni siku 14 tu. Kwa maneno mengine, ofisi inaweza kuifuata sheria barabara na bado ikakupa nyaraka baada ya muda wako kwisha. Naliona jambo hili kuwa pengo kubwa katika utaratibu wetu, na mkazi hana budi kulizunguka kwa kuwasilisha pingamizi lake kwa yale anayoyajua, akitamka ndani yake kwamba ameomba nyaraka tarehe fulani na kwamba ataongeza hoja atakapozipokea.

Hatua ya tano: kuandika pingamizi

Pingamizi halina haja ya kuandikwa na wakili, na kwa mujibu wa Ibara ya 7 ya Katiba Kiswahili ni lugha rasmi, kwa hiyo barua ya Kiswahili ina uzito sawa na ya Kiingereza. Kinachotakiwa ni barua iliyo wazi, fupi, inayotaja ploti, inayotaja mwandishi ana uhusiano gani na eneo hilo, na inayotoa hoja za upangaji.

Hoja za upangaji ni zile zinazohusu ardhi na wanaoizunguka: kikomo cha orofa katika kanda hiyo, uwezo wa bomba la maji taka, upungufu wa maji, upana wa barabara na uwezekano wa gari la zimamoto kugeuka, maegesho, mwanga na hewa katika nyumba jirani, mto au chemchemi iliyo karibu, masharti yaliyoandikwa katika hati miliki. Hoja zisizosaidia ni zile zinazomhusu mwombaji mwenyewe, kama vile ametoka wapi, ana fedha za nani, au atashindana na duka la nani. Barua yenye hoja kama hizo huwekwa kando pamoja na zile nzuri zilizokuwemo ndani yake.

Barua inaweza kuchukua sura hii:

*Kwa Afisa Mkuu, Mipango ya Miji, Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi.*

*KUH: Pingamizi dhidi ya ombi la kubadilisha matumizi ya ploti nambari L.R. ……, kutoka nyumba ya familia moja hadi nyumba za ghorofa.*

*Mimi ni mkazi wa ploti nambari L.R. ……, inayopakana na ploti iliyotajwa kwa upande wa mashariki. Ninapinga ombi lililotangazwa katika gazeti la tarehe …… kwa sababu zifuatazo. Kwanza, barabara ya kuingilia ina upana wa mita …… kutoka ua hadi ua, kama picha na vipimo nilivyoambatanisha vinavyoonyesha, na ripoti ya mwombaji imeitaja kuwa na mita ……. Pili, bomba la maji taka la mtaa huu limefurika tarehe …… na tarehe ……, na nakala za malalamiko yetu kwa kampuni ya maji zimeambatanishwa. Niliomba kuliona faili la ombi tarehe …… na sijapata jibu. Kwa hiyo ninahifadhi haki ya kuongeza hoja. Ninaomba nijulishwe kwa maandishi tarehe ya kikao chochote, na ninaomba nipewe uamuzi wa ombi hili pamoja na sababu zake siku utakapotolewa.*

Sentensi hiyo ya mwisho ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana, na nitairudia katika hatua ya rufaa.

Majirani wakitaka kujiunga, ni bora kila mmoja aandike barua yake, yenye nambari ya ploti yake na jambo linalomgusa yeye, kuliko watu mia kutia saini karatasi moja. Saini nyingi chini ya hoja moja huhesabika kuwa hoja moja. Mpangaji wa nyumba naye ana haki ya kuandika. Sheria inawaalika wananchi, haikuwataja wenye hati miliki peke yao.

Hatua ya sita: kuwasilisha na kupata muhuri

Chapisha nakala tatu. Moja ibaki ofisini, moja igongwe muhuri urudi nayo, na ya tatu umpelekee waziri wa kaunti anayesimamia mipango ya ardhi, kwa kuwa yeye ndiye anayetajwa na sheria kuwa mpokeaji wa mapingamizi hata kama tangazo limemtaja Afisa Mkuu. Utazame muhuri kabla hujaondoka kaunta: uwe na jina la ofisi, na tarehe isomeke yote, siku, mwezi na mwaka. Wino ukiwa umefifia, omba ugongwe tena. Baada ya hapo tuma barua hiyo hiyo kwa baruapepe pamoja na viambatisho, ili ibaki rekodi ya pili ya siku na saa.

Hatua ya saba: kufuatilia, na kukata rufaa ikibidi

Baada ya kupokea ombi, kaunti ina siku 7 za kulipeleka kwa mamlaka nyingine zinazohusika ili zitoe maoni. Jambo la kukumbuka zaidi ni kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, sheria inachukulia kuwa ruhusa imetolewa. Ukimya wa ofisi, kwa hiyo, humfaidi mwombaji. Mkazi anayekaa kimya kwa kudhani kwamba pingamizi lake linashughulikiwa anaweza kushtukia matrekta yamefika. Piga hesabu ya siku hizo 60, na uende ofisini angalau mara moja kila wiki mbili ukiwa na nakala yako yenye muhuri, uulize hali ya faili, na uandike jina na cheo cha aliyekujibu, na tarehe.

Uamuzi ukitolewa na hukuridhika, kifungu cha 61 kinamruhusu mwombaji au mtu mwingine mwenye maslahi kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya rufaa za mipango, ile ambayo maafisa huiita Liaison, ndani ya siku 14 tangu uamuzi. Kamati nayo inatakiwa kuisikiliza na kuiamua ndani ya siku 14 tangu rufaa kuwasilishwa. Angalia kwamba siku hizo huanza kuhesabika tangu uamuzi, hata kama hujaupata mkononi, na ndiyo maana barua ya pingamizi inapaswa kuomba uamuzi na sababu zake kwa maandishi. Ibara ya 47 ya Katiba inampa kila aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi. Ukiwa uliomba mapema na ukanyimwa, utakuwa na la kusema unapoomba kuongezewa muda.

Kutoka kwa kamati, rufaa huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2023 kwamba kuwepo kwa vyombo vingine vya rufaa hakuizuii Mahakama ya Mazingira na Ardhi kusikiliza madai ya kukiukwa kwa haki za kikatiba. Hata hivyo, kwa mzozo wa kawaida wa upangaji bado naona njia ya kamati ndiyo ya kuanzia, na hatua hii ndiyo ya kumtafuta wakili.

Matangazo mawili yasiyofaa kuchanganywa

Mradi mkubwa huhitaji pia leseni ya NEMA, yaani mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira, na tathmini ya athari kwa mazingira ina tangazo lake na siku zake, aghalabu 30 za kutoa maoni kama tangazo litakavyosema. Pingamizi ulilopeleka kaunti halihesabiki huko, andika jingine. Leseni ikitolewa, rufaa huenda kwa Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) ndani ya siku 60.

Mpango wa kaunti nao una mzunguko wake: Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka mpango wa miaka kumi unaopitiwa kila baada ya miaka mitano na kuidhinishwa na bunge la kaunti. Hapo wakazi hupeleka maandishi kwa ofisi ya mipango, huhudhuria vikao vya kukusanya maoni, na huweza kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Mkazi anayejishughulisha na hatua hiyo hupigania mtaa mzima kwa mkupuo, badala ya kukimbizana na ploti moja baada ya nyingine, na mwakilishi wadi anapaswa kuulizwa mapema tarehe za vikao.

Mwisho, usilifunge faili lako ruhusa ya kubadilisha matumizi inapotolewa. Ruhusa hiyo huja na masharti, na ramani za jengo huidhinishwa kwa ombi jingine linalofuata. Omba nakala ya barua ya idhini, uyasome masharti yake yote, na jengo linapoanza kupanda ulinganishe idadi ya orofa na maegesho na yale yaliyoandikwa. Kujenga bila ruhusa ni kosa ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Malalamiko ya ukiukaji hupelekwa kwa maandishi katika ofisi ile ile ya kaunti, yakiambatana na picha, nakala ya barua ya idhini na nakala ya pingamizi lako lenye muhuri.